Mwongozo kamili: Taarifa ya wiki ya shule inayomfikia mzazi, msimu wa kipupwe

Shule zikifunguliwa Julai, asubuhi bado zina baridi, lawama za kila mwaka huanza upya. Walimu wanasema wazazi hawaji vikaoni. Wazazi wanasema hawakuambiwa. Mara nyingi wote wana haki: barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikatoka ofisini, ila haikufika, au ilifika ikaishia kusomwa kichwa chake tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekabidhiwa taarifa ya wiki ya shule ya msingi, pamoja na wajumbe wa kamati ya shule wanaomsaidia. Umeandikwa kwa mazingira ya Tabora. Walioko Kigoma watabadilisha vitu vichache, na tumevitaja mahali pake.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kaunta buku moja ya kukusanyia habari, ikae ofisi ya walimu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
- Orodha ya kaya. Siyo orodha ya wanafunzi. Tofauti yake utaiona Hatua ya 1.
- Kalenda ya muhula yenye sikukuu na tarehe za mitihani.
- Laini ya simu ya shule. Laini ya mwalimu binafsi haifai, kwa sababu akihamishwa anaondoka nayo.
- Rimu moja ya karatasi za A4 (karatasi 500) na mahali pa kutolea kopi.
- Mbao za matangazo zisizopungua nne nje ya shule: dukani, zahanati, ofisi ya mtaa au kijiji, kisimani.
- Muhuri wa shule.
- Mtu wa pili wa kusoma kabla haijatoka. Afadhali awe mzazi, si mwalimu.

Kama hiki cha mwisho huna, usianze. Walimu wakisomeana wao kwa wao, hawaoni kinachomkwaza mzazi.

## Hatua ya 1: Tengeneza orodha ya kaya (mara moja kwa mwaka)

Shule yenye wanafunzi 480 inaweza kuwa na kaya 310 tu, maana ndugu husoma pamoja. Ukitoa kopi kwa hesabu ya wanafunzi, unatupa kopi 170 kila wiki.

Chora safu tano: jina la mzazi au mlezi, namba ya simu, aina ya simu (kitochi au simu janja), nani anasoma nyumbani, na mtoto atakayebeba barua.

Safu ya nne ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Bibi anayelea wajukuu watatu huenda hasomi, lakini mjukuu wa Darasa la Nne anamsomea. Ukilijua hilo, utaandika sentensi ambazo mtoto wa Darasa la Nne anaweza kuzitamka bila kukwama.

Wa kubeba barua, chagua aliyepo Darasa la Tatu hadi la Tano. Wa Darasa la Awali ataiacha njiani, na wa Darasa la Saba huiweka kwenye daftari na kuisahau.

Tahadhari: Orodha hii ni taarifa binafsi za watu, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ifungie kabatini. Usiipige picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp.

Umefaulu ikiwa: ukitajiwa mtoto yeyote, ndani ya dakika moja unajua habari itapita kwa nani kufika kwao.

## Hatua ya 2: Kusanya habari, Jumatatu hadi Jumatano

Mwalimu wa zamu, wa taaluma, wa afya na anayesimamia chakula kila mmoja aandike kwenye kaunta buku mwenyewe. Mwisho ni Jumatano saa 8:00 mchana. Kinacholetwa baadaye kisubiri wiki ijayo, isipokuwa jambo la usalama wa watoto. Ukilegeza hapa mara moja, Alhamisi yako yote itaishia kupokea karatasi za mlangoni.

Kila habari iulize swali moja: *mzazi akishajua hili, atafanya nini?* Kama jibu ni "hakuna", habari hiyo haina nafasi. Ugeni wa maofisa uliopita, semina ya walimu, kabati jipya la ofisi: vyote ni vizuri, lakini vina mahali pake pengine. Bakiza habari njema moja tu ya kuwatia moyo, kwa mfano darasa lililoongoza kwa mahudhurio.

Umefaulu ikiwa: una mambo matatu hadi sita. Yakifika kumi, hakuna hata moja litakalokumbukwa.

## Hatua ya 3: Yapange mambo ya kipupwe

Juni hadi Agosti huku kwetu mvua hakuna, asubuhi ni baridi, mchana jua na upepo wa vumbi. Kuna habari ambazo msimu huu huzileta kila mwaka, hivyo zigawe kwenye wiki mapema badala ya kungoja tatizo litokee.

Giza la asubuhi. Magharibi mwa nchi jua huchelewa. Mwezi Julai Dar es Salaam jua huchomoza karibu saa 12:35 asubuhi. Tabora ni karibu saa 1:00, na Kigoma ni kama saa 1:10. Mtoto anayetakiwa shuleni saa 12:45 anatembea gizani, na mtoto wa Kigoma hutembea gizani zaidi. Taja muda wa kufika shuleni, kisha taja na muda wa kuondoka nyumbani: "Anayetoka mbali asiondoke kabla ya saa 12:30, na asitembee peke yake." Kama ratiba ya asubuhi inawalazimu watoto kutoka gizani, kwanza zungumza na Mwalimu Mkuu ratiba isogezwe. Taarifa haiwezi kurekebisha ratiba mbaya.

Sweta. Andika waziwazi kama sweta ya rangi yoyote inaruhusiwa msimu huu. Pasipoandikwa, mzazi asiye na uwezo wa kununua sweta ya sare atamwacha mtoto aje na shati tupu akiogopa atarudishwa. Ushauri wetu ni kuruhusu, na kuandika ruhusa hiyo wiki ya kwanza kabisa.

Mafua, kikohozi, macho mekundu. Usiandike jina la mtoto wala kidokezo cha kumtambua. Andika darasa na la kufanya: kunawa mikono na uso kwa maji safi na sabuni, kila mtoto na taulo yake, na kwenda zahanati dalili zikizidi. Kabla ya kuandika neno lolote la ugonjwa, muulize mganga wa zahanati ya karibu. Neno moja lisilo sahihi linaweza kuondoa nusu ya watoto darasani Jumatatu.

Jiko la mkaa chumbani. Hili liandikwe kila mwaka, tena kwa herufi nzito. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia inaweza kulala isiamke. Sentensi inatosha kuwa hivi: "Usilaze watoto na jiko la mkaa ndani, hata kama moto umebaki makaa tu."

Maji. Visima vinapopungua, sema kila mtoto alete kiasi gani na siku gani. "Lita 1 kila Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya kunawa" inaeleweka. "Wazazi mshirikiane suala la maji" haieleweki.

Moto wa porini. Mashamba yanaandaliwa na nyasi zimekauka. Zitaje njia za watoto ambazo pembeni yake huwa panachomwa, na waambie wapite wapi badala yake. Namba ya Zimamoto ni 114. Iweke chini ya ukurasa kila wiki.

Darasa la Saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kuanzia Julai kila toleo liwe na mstari mmoja wa Darasa la Saba wenye kazi moja ya nyumbani, isiyozidi dakika ishirini.

## Hatua ya 4: Andika kama unayeongea na mzazi, si ofisi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mwalimu amezoea barua za kiofisi, hivyo mkono unaandika wenyewe:

> YAH: MWALIKO WA KIKAO CHA WAZAZI
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa shule unapenda kukualika katika kikao kitakachofanyika siku ya Jumatano, ambapo masuala mbalimbali yanayohusu maendeleo ya taaluma yatajadiliwa. Kufika kwako ndiyo mafanikio ya kikao. Tafadhali zingatia muda.

Isome tena ukijiweka mahali pa mama anayeuza nyanya Isevya, hapa Tabora mjini. Jumatano ipi? Muda upi huo wa kuzingatia? Ni wazazi wote au wa darasa fulani? Ataondoka saa ngapi, apange nani amkalie gengeni? Maneno ni mengi, na hakuna swali lake hata moja lililojibiwa.

Habari ile ile iandikwe hivi:

> Mzazi wa Darasa la Saba, tunakuomba uje shuleni Jumatano, 22 Julai, saa 3:00 asubuhi. Tutamaliza saa 5:00. Tutakaa darasani kwao. Njoo na daftari la Hisabati la mtoto. Mwalimu atakuonyesha mada tatu za kurudia kabla ya Septemba.

Saa ya kumaliza ndiyo huleta watu. Mwenye kibarua anaweza kuomba ruhusa ya saa mbili. Ruhusa ya kikao kisicho na mwisho haombi.

Kanuni za kufuata unapoandika:

1. Anza na nani anahusika, kisha siku, tarehe, saa, mahali, cha kubeba. Asiyehusika aruke, anayehusika asimame hapo.
2. Siku na tarehe ziende pamoja. Moja ikikosewa, nyingine itamshtua msomaji aulize.
3. Saa iandikwe kwa Kiswahili na neno lake: saa 3:00 asubuhi. Waraka kutoka juu ukiwa na "09:00", badilisha kabla ya kunakili. Ukichanganya mitindo miwili kwenye ukurasa mmoja, kuna atakayekuja saa 9:00 alasiri, na hatakuwa na kosa.
4. Sentensi moja, jambo moja. Yenye maneno zaidi ya ishirini ikate.
5. Taja mtu wa kuulizwa kwa cheo chake: mwalimu wa zamu, mwalimu wa afya.

Kuhusu michango. Elimumsingi ni bila malipo tangu 2016, na wazazi wanalijua hilo vizuri. Kila mchango unaoandikwa utaje mambo manne: ni wa nini, kiasi gani, kikao gani cha wazazi kiliukubali, na kwamba ni wa hiari. Malizia kwa kusema hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Ukiacha sentensi hiyo, kuna mtoto atakayebaki nyumbani wiki nzima kwa aibu ya mzazi wake.

Takwimu nazo zifanye kazi. Uji wa wanafunzi 480 kwa gramu 60 za unga kila mmoja ni kilo 28.8 kwa siku, kilo 144 kwa wiki. Lakini mzazi ukimwambia "tumetumia kilo 144" hana la kufanya nayo. Mwambie: "Unga uliobaki ni kilo 60, unatosha Jumatatu na Jumanne." Hapo ameelewa Jumatano kuna nini.

## Hatua ya 5: Panga ukurasa

Tumia nusu ya A4, upande mmoja, maneno 150 hadi 180, herufi za ukubwa wa 12. Nakala za ukutani zitolewe kwa A4 nzima, herufi 18 au zaidi, kwa kuwa watu husoma wakiwa wamesimama na mzigo.

Mpangilio usibadilike wiki hadi wiki. Msomaji akishazoea kwamba mavazi na afya viko katikati, jicho litaenda lenyewe. Mfano:

> SHULE YA MSINGI ............ TAARIFA YA WIKI, Toleo Na. 2
> Ijumaa, 17 Julai
>
> Wazazi na walezi wetu, habari za wiki.
>
> WIKI IJAYO
> Jumatatu 20 Julai: kila mtoto alete maji lita 1 ya kunawa.
> Jumatano 22 Julai, saa 3:00 hadi 5:00 asubuhi: kikao cha wazazi wa Darasa la Saba tu.
>
> BARIDI NA AFYA
> Sweta ya rangi yoyote inaruhusiwa hadi mwisho wa Agosti. Darasa la Pili kuna watoto wenye macho mekundu. Mnawishe mtoto kwa maji safi na sabuni, na mpe taulo yake. Macho yakitoa usaha, mpeleke zahanati.
> Usilaze watoto na jiko la mkaa ndani.
>
> CHAKULA
> Unga uliobaki ni kilo 60, unatosha Jumatatu na Jumanne. Mwenye nafasi ya kuchangia mahindi alete Jumatatu, apewe stakabadhi. Ni hiari. Watoto wote watakunywa uji.
>
> DARASA LA SABA NYUMBANI
> Muulize mtoto jedwali la 7, 8 na 9. Dakika kumi kila jioni.
>
> HONGERA Darasa la Nne: hakuna aliyekosa shule wiki hii.
>
> Maswali: mwalimu wa zamu. Zimamoto 114. Msaada kwa mtoto 116.
> Mwalimu Mkuu (saini na muhuri)

Namba ya toleo si pambo. Ujumbe wa uongo kwamba "shule imefungwa" ukianza kuzunguka mtaani, mzazi ataangalia: una namba ya toleo? Umetoka laini ya shule? Hauna, haukutoka, basi.

## Hatua ya 6: Hakiki, Alhamisi asubuhi

Mpe yule mzazi msomaji. Asome mara moja, umnyang'anye karatasi, umuulize: wiki ijayo unafanya nini, siku gani? Akishindwa kujibu, tatizo liko kwenye maandishi. Usimweleze kwa mdomo. Rudi ukaandike upya.

Kisha linganisha kila tarehe na kalenda kwa kidole. Picha za watoto ziachwe, isipokuwa mzazi amekubali kwa maandishi.

## Hatua ya 7: Sambaza kwa njia zaidi ya moja

Karatasi. Kaya 310 kwa nusu A4 ni karatasi 155. Kopi ikiwa shilingi 100, hiyo ni shilingi 15,500 kwa wiki, na wiki kumi ni 155,000. Shule nyingi haziwezi. Toa kwa kila kaya wiki ya kwanza ya muhula, wiki ya mtihani na wiki ya kufunga tu. Wiki nyingine tumia ukuta na simu. Zigawiwe Ijumaa mtoto akiwa mstarini anaondoka, si asubuhi; ya asubuhi mchana huwa imeshageuka ndege ya karatasi.

Ujumbe mfupi wa simu. Wenye vitochi ndio wengi, na hapa kuna mtego ambao huwamaliza salio walimu bila kujua sababu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi, hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Lakini ukiweka alama moja tu isiyo ya kawaida, kwa mfano kikatuni cha tabasamu, uwezo unashuka hadi herufi 70, na vipande vinakuwa vya 67.

Sasa tazama neno *Ng'ambo*, jina la mahali hapa Tabora. Simu janja nyingi na kompyuta hubadilisha kile kibainishi kilichonyooka (') kuwa kilichopinda (’). Kilichonyooka hakina shida. Kilichopinda kinahesabiwa kama kikatuni. Ujumbe wa herufi 147 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu, na kwa kaya 310 umelipia 930. Andika ujumbe kwenye kitochi chenyewe, au futa kibainishi ukiandike upya, au epuka neno: badala ya "Ng'ambo" sema "karibu na zahanati".

Mfano wa herufi 147:

> SHULE: Jumatano 22 Julai kikao cha wazazi Darasa la 7, saa 3:00 asubuhi, darasani kwao. Njoo na daftari la Hisabati la mtoto. Maswali: Mwl wa zamu.

Ujumbe mmoja, jambo moja. Usijaribu kubana taarifa nzima humo.

WhatsApp. Tuma maandishi yenyewe, si picha ya karatasi. Picha haisomeki kwenye kioo kidogo na hula bando la mtu. Kundi liwekwe ili viongozi pekee waandike, la sivyo tangazo lako litazikwa na salamu za asubuhi kabla ya saa 2:00. Kumbuka pia kwamba ndani ya kundi kila mtu anaona namba za wengine, hivyo omba ridhaa kabla ya kumwingiza mtu. Orodha ya kutuma kwa wengi huficha namba, ila asiyehifadhi namba ya shule kwenye simu yake haimfikii.

Mdomo. Mpelekee mwenyekiti wa mtaa au kitongoji nakala Ijumaa asubuhi, na uombe nafasi ya matangazo msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Andaa sentensi tatu tu za kusomwa. Kama wasikilizaji ni wazee, tafuta atakayezisema kwa Kinyamwezi, au kwa Kiha kwa walioko Kasulu na Buhigwe, huko Kigoma. Lakini siku, saa na tarehe zirudiwe kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo zilivyo kwenye karatasi.

## Hatua ya 8: Pima Jumatatu

Jumatatu mstarini usiulize "nani amempa mzazi barua?" Mikono yote itanyooka. Hesabu vitu: watoto wangapi wamekuja na maji? Wangapi wana sweta? Kwa kila darasa chagua watoto kumi bila mpangilio, andika hesabu kwenye kaunta buku.

Saba kati ya kumi ni mwanzo mzuri kwa mwezi wa kwanza. Wakiwa chini ya watano, tafuta kwanza ni wapi pamekatika. Darasa moja tu ndilo liko chini? Mwalimu wake hakugawa. Mtaa mmoja? Tangazo limechanika, au ubao uko mahali ambapo watu hawapiti msimu huu. Shule nzima? Rudi Hatua ya 4, sentensi yenyewe ndiyo haikueleweka.

Kosa likigundulika baada ya taarifa kutoka, toa masahihisho siku hiyo hiyo kwa njia zile zile zote, ukianza na neno MASAHIHISHO na namba ya toleo: "MASAHIHISHO, Toleo Na. 2: kikao ni Jumatano 22 Julai, si Jumanne." Kisha mtume mwanafunzi wa zamu na mwalimu wake wakabandue nakala za zamani ukutani, maana karatasi yenye tarehe ya uongo huendelea kuwaita watu hadi mvua za Novemba ziibandue zenyewe.